Sahani ya mchana Gerezani: tathmini ya kibanda cha mama lishe

Gerezani, upande ule wa Kariakoo ulio jirani na kituo cha mwisho cha mabasi ya mwendokasi, kuna kibanda cha mama lishe kinachopika wali ambao migahawa mingi yenye viyoyozi katikati ya jiji la Dar es Salaam haiufikii, na kinachomhudumia mteja kabla hajamaliza kunawa mikono. Kina kasoro pia, na baadhi yake si ndogo. Nitazieleza zote bila kuona haya, kwa kuwa mama mwenye kibanda ndiye aliyeniambia kwamba sifa tupu hazimsaidii. Jina lake na la mtaa wake sitayataja. Aliniomba hivyo alipojua kwamba naandika, akatoa sababu mbili: masufuria yake yana kipimo na hawezi kulisha umati utakaokuja kwa sababu ya kusoma, na mahali anapopikia si pake, kwa hiyo kadiri asivyojulikana ndivyo anavyopata usingizi. Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu huu, maana kadiri ninavyoendelea kula pale ndivyo ninavyoona kwamba karibu kila zuri na kila baya la kibanda hiki lina mzizi wake hapo.

Kwa sura, si mahali pa kumsimamisha mpita njia. Turubai la bluu limefungwa kwenye nondo za dirisha la duka la vipuri upande mmoja na kwenye milingoti miwili ya mbao upande wa pili. Chini yake kuna mabenchi, meza mbili ndefu zilizotandikwa nailoni yenye maua, na nyuma kabisa safu ya majiko. Alfajiri huuzwa chai, chapati, maandazi na supu ya utumbo. Ikifika saa nne asubuhi vyombo vya chai huondolewa, na chakula cha mchana huuzwa kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa alasiri, au mpaka kitakapokwisha, na aghalabu huisha mapema. Wateja ni mafundi wa magari, wachomeleaji, wauza vipuri, vijana wa mikokoteni, madereva wa bajaji, makarani wa maduka ya jumla, pamoja na wafanyabiashara kutoka mikoani, na mara nyingine kutoka Lubumbashi au Lusaka, waliokuja Kariakoo kufunga mzigo na wasiotaka kwenda mbali nao. Watu wa namna hiyo hawaji kustarehe. Wana nusu saa, wana njaa ya mtu aliyenyanyua vitu vizito tangu asubuhi, na wanajua bei ya kila kitu sokoni, hivyo mpishi anayewaibia hata kijiko kimoja cha maharage hujulikana siku hiyo hiyo.

Wali ndio unaojaza mabenchi. Mama huchanganya mchele wa Mbeya na mchele mwingine wa bei nafuu zaidi, kwa uwiano ambao alikataa kunitajia huku akicheka, na huuchambua mwenyewe kwenye ungo, kwa kuwa hamwamini mtu mwingine kutoa chuya na mawe. Huupika kwa tui jepesi, si lile zito la karamu, na mlaji hupata harufu ya nazi bila kubaki na mafuta mdomoni. Umahiri wenyewe huonekana mwishoni. Maji yakikaribia kukauka, hupunguza moto wa chini, hufunika sufuria kwa sinia la bati, kisha hupalia: makaa yaliyoshika vizuri hupangwa juu ya sinia kwa koleo, machache katikati na mengi ukingoni, ili joto la juu na la chini lifanye kazi kwa pamoja. Anapofunua, hukung'uta majivu kwanza kwa ufagio mdogo wa chelewa, halafu huinua sinia kwa kulitelezesha pembeni ili hata chembe moja isidondokee ndani. Punje hutoka zimekauka zikiwa nzima, kila moja peke yake. Chini ya sufuria hubaki ukoko wa rangi ya kahawia ambao vijana wa mikokoteni huugombea; hauuzwi, hupewa aliyechelewa akakuta wali umekwisha, au mzee mmoja mlinzi ambaye sahani yake hujazwa ukoko na mchuzi bila yeye kuuliza bei wala kutajiwa.

Maharage hulowekwa usiku na huungwa kwa nazi hadi rojo lake linashika wali badala ya kukimbilia ukingoni mwa sahani. Mboga ya majani hubadilika kwa siku: mchicha mara nyingi, tembele au kisamvu mara chache, na mvua zikinyesha sana hukatwakatwa kabichi kwa sababu mchicha huwa ghali. Pembeni huwekwa kachumbari yenye ndimu ya kutosha na kipande cha tikiti maji au nusu ya ndizi mbivu. Tunda hilo ni kitu kidogo, lakini mgahawa ungelihesabu kama chakula cha peke yake na kulitoza. Pilipili iko mezani katika kopo, imekaangwa pamoja na kitunguu saumu, na inastahili tahadhari.

Samaki ni suala la saa. Hutoka Feri, soko la samaki la jiji, mara nyingi vibua, na changu siku ambayo mnada umekuwa mwepesi, naye hukaangwa kati ya saa tatu na saa nne. Anayekula saa sita humkuta ngozi ikiwa kavu na nyama bado ina maji yake. Anayekula saa nane humkuta amekauka na kukakamaa, na hapo ni afadhali aombe achovywe kwenye mchuzi. Rosti ya nyama siwezi kuisifia. Vipande ni vidogo, mifupa ni mingi na viazi vimeongezwa ili kujaza bakuli, na ingawa naelewa kwamba bei ya nyama buchani haimwachii mpishi nafasi, mteja anayelipa zaidi kwa ajili ya nyama ana haki ya kuikuta. Ugali wa sembe na dagaa wa kukaanga, chakula cha bei ya chini kuliko vyote pale, ni bora kuliko rosti kwa mbali.

Kuhusu huduma, hakuna orodha ya vyakula wala mtu wa kukukaribisha. Unanawa kwenye ndoo yenye bomba karibu na mlingoti, unasogea kwenye masufuria, unasema unachotaka, na sahani inakuwa mkononi mwako. Dada wawili humsaidia mama. Mmoja hupakua pamoja naye. Wa pili hupeleka chakula madukani, kwa maana nusu ya biashara hii haionekani kwenye mabenchi. Kuanzia saa nne simu ya mama huanza kuita: duka fulani wanataka sahani tano, mbili za samaki, moja isiwe na pilipili. Hakuna anayeandika oda hizo, wala sijaona sahani ikienda kwa asiye mwenyewe. Dada huzipanga kwenye sinia, kila sahani imefunikwa kwa nyingine, huzifunga kwa kanga na kupita nazo katikati ya mikokoteni na pikipiki akipiga kelele ya kuomba njia, kisha saa tisa hurudi kukusanya vyombo na pesa. Kampuni zinazopeleka chakula kwa oda za simu za kisasa hutoza nauli kwa kazi hiyo. Hapa imo ndani ya bei.

Malipo yanaweza kuwa taslimu au kwa lipa namba iliyobandikwa kwenye mlingoti na kufunikwa karatasi ya plastiki isilowe. Njia ya tatu ni daftari. Siku moja kijana wa mkokoteni alifika mbele yangu, jasho linamtoka, akasimama kidogo kabla ya kusema.

"Shikamoo mama. Leo naomba uniandikie."

"Marahaba mwanangu. Na ile ya Alhamisi?"

"Sijaisahau mama. Jumamosi nakuja na zote mbili."

Mama hakujibu, alifungua daftari kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kupakua, akaandika, na sahani ya kijana haikupungua hata kidogo. Yeye mwenyewe mchele anauchukua kwa mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla, na hulipa baada ya kuuza. Kwa hiyo chakula cha kijana yule siku ile kilibebwa na mama, na mama akabebwa na muuza mchele, bila benki wala mkataba, na wote watatu walifahamu ni nani atakayeaibika endapo Jumamosi itapita kimya. Nimeona watu wakilalamika kwamba mama lishe wana maneno makali. Wengi wa wanaolalamika wamo daftarini.

Bei, wakati ninaandika haya, ni shilingi 2,000 kwa ugali na dagaa, 2,500 kwa wali na maharage, na 3,500 kwa wali na samaki. Ni nafuu kwa kipimo chochote, na mteja wa ofisini hukimbilia kueleza unafuu huo kwa kusema kwamba mtu wa barabarani halipi pango wala kodi. Nilikuwa nikisikia hoja hiyo mara nyingi mpaka siku moja mama aliponihesabia kwa vidole. Mwenye duka la vipuri analipwa kila wiki kwa ajili ya kipande cha baraza na ndoano za turubai. Stoo ya kulaza mabenchi na masufuria inalipiwa. Mlinzi wa usiku analipwa, mzoa taka analipwa, kijana wa maji analipwa kwa kila dumu, na wapo wengine wanaopita mara kwa mara na hawaachi risiti. Gharama ya mahali ipo, tena ukiigawa kwa mita za mraba huenda ikamshinda mwenye fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga. Tofauti ni kwamba mwenye fremu ana karatasi ya kumwonyesha ofisa yeyote, na mama hana. Unafuu wa sahani unatokana na mambo mengine: hakuna kinachotupwa, hakuna kinacholala, hakuna mfanyakazi anayesimama bure hata kwa dakika tano, na mama hujilipa mwisho, baada ya wote.

Hapa nalazimika kueleza jambo linalohusu sheria, kwa kuwa linagusa sahani moja kwa moja. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, vikikusudiwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vilipokelewa kwa furaha, kwani mwenye nacho hakupaswa kubughudhiwa, na mama alikinunua na kukivaa shingoni kama wenzake. Lakini milioni 4 kwa mwaka ni chini kidogo ya shilingi 11,000 kwa siku, tena za mauzo ghafi, kabla ya kutoa mchele, mkaa na samaki. Kwa bei ya leo hizo ni sahani nne. Hata kama sahani ya wakati ule ingehesabiwa kwa shilingi 1,500, zingekuwa saba tu, na hakuna mama lishe anayewasha majiko matatu ili auze sahani saba. Huyu anauza zisizopungua 60 siku ya kawaida, maana yake huvuka kiwango cha mwaka mzima kabla ya mwezi mmoja kuisha, ilhali faida yake ya siku inaweza kuwa ndogo kuliko ya muuza vocha. Kipimo kilichotazama mauzo bila kutazama kinachobaki kilimweka mpishi wa chakula mahali pa ajabu: mdogo mno kuitwa mgahawa, na mkubwa mno kwa kitambulisho alichouziwa.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni uoshaji wa vyombo. Kuna mabeseni matatu, la kwanza la sabuni na mawili ya kusuuzia, na saa sita, kabla msongamano haujaanza, yote yana maji masafi. Saa saba na nusu beseni la pili limekwisha kuwa la kijivu, na maji hayabadilishwi upesi inavyotakiwa kwa sababu kila dumu linanunuliwa na maji machafu hayana pa kumwagwa isipokuwa mtaro wa barabara, ambao ukizibwa na taka humletea lawama mtaa mzima. Tangu mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, wauza chakula wa barabarani wamekuwa wa kwanza kunyooshewa kidole kila ugonjwa unapotajwa, na kwa maji ya beseni la pili siwezi kusema kwamba kidole hicho kinakosea. Chakula chenyewe hutoka motoni kikiwa cha moto kweli, nao wali hubaki umefunikwa mpaka unapopakuliwa. Hatari iko kwenye sahani na kijiko. Wapo wateja wanaokuja na vijiko vyao mfukoni, na mama hachukii.

Kasoro ya pili ni mahali pa kukaa. Mabenchi ni ya mbao nyepesi, hayana egemeo, na moja linacheza mguu. Saa saba jua huingia chini ya turubai kutoka upande wa barabara na kuwapiga waliokaa benchi la nje. Mvua ikinyesha, turubai hujaa maji katikati na lazima mtu alisukume kwa mti wa ufagio, na ole wake aliye chini ya ukingo. Moshi hauepukiki. Mikokoteni hupita karibu kiasi kwamba mtu mrefu hulazimika kukunja miguu.

Nilimuuliza mama kwa nini mtu mwenye wateja wengi namna hii hajanunua mabenchi ya chuma, tangi la maji lenye mabomba, na turubai zito lenye fremu. Jibu lake lilikuwa fupi: meza ya chuma alikuwa nayo. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange upya wafanyabiashara wadogo waliojaa kando ya barabara, akitaka ifanyike bila vurugu, na Oktoba mwaka huo vibanda vya barabarani Dar es Salaam vikavunjwa, vingine na wenyewe, vingine kwa matingatinga. Mama alivunja chake mwenyewe usiku, akaokoa masufuria, na meza ambayo haikuweza kubebwa na watu wawili ikabaki. Alihamia katika eneo lililotengwa, akapata kizimba chenye paa na bomba la maji karibu, na kwa mara ya kwanza akaosha vyombo kwa maji yanayotiririka. Alichokosa ni watu wa kula. Fundi aliyeacha injini wazi Gerezani hawezi kupanda daladala kwenda kufuata wali, hata uwe mtamu namna gani, na dada wa kupeleka sahani hawezi kutembea na sinia umbali huo chakula kikabaki cha moto. Alirudi taratibu, kwanza na ndoo ya maandazi, halafu na sufuria moja, hatimaye na turubai. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kupalia wali, aliwahi kukimbizwa katika Nguvu Kazi ya 1983, kampeni ya serikali ya kuwaondoa mijini watu wasio na kazi rasmi, na akarudi hivyo hivyo.

Tangu hapo kila kitu anachonunua hukipima kwa swali moja: je, watu wawili wanaweza kukibeba kwa dakika kumi? Mabenchi mepesi yanayocheza yamefaulu mtihani huo. Tangi la maji limeshindwa. Mteja anayelalamikia benchi na beseni, nikiwamo mimi, analalamikia matokeo ya swali hilo, na sidhani kama semina ya usafi itabadilisha chochote iwapo swali lenyewe litabaki lilivyo. Hata majengo makubwa hayajalijibu. Machinga Complex ya Ilala, iliyojengwa kwa mkopo wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ili kuwaondoa wachuuzi barabarani, ilikaa miaka mingi ikiwa na vizimba vitupu ghorofani wakati kando ya barabara za jirani hakukuwa na pa kukanyaga. Nguo inaweza kumsubiri mnunuzi huko juu wiki nzima, wali hauwezi hata saa mbili. Kwa maoni yangu, karatasi ya miaka mitatu inayomruhusu kupika mahali pale pale, yenye masharti ya maji na taka ambayo akiyavunja ananyang'anywa, ingeleta mabomba na meza za chuma haraka kuliko jengo lolote, na kwa pesa zake mwenyewe.

Neno kuhusu moto. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mama lishe wamekuwa wakigawiwa mitungi ya gesi katika hafla nyingi. Huyu naye ana mtungi. Chai, supu, mchuzi na kukaanga samaki vimehamia kwenye gesi, na anakiri kwamba macho yake yamepumzika na asubuhi huanza kazi mapema kwa kuwa hahitaji kupepea. Wali bado ni wa mkaa, maana gesi haipaliwi. Amejaribu kuupika kwa gesi na kuufunika kwa kitambaa chini ya kifuniko, kama wafanyavyo wengi majumbani, na wateja walijua siku ile ile. Anayetaka mkaa uondoke kabisa pale itabidi kwanza ampatie kitu kinachotoa joto kutoka juu kwa bei ya wali wa shilingi 2,500, na mimi kama mlaji natamani akipate, kwa sababu moshi ule unaudhi, lakini sitaki kuudanganya ulimi wangu kwamba wali wa gesi ulikuwa sawa.

Anayetaka kwenda eneo lile kutafuta kibanda cha namna hii, kwa kuwa hiki si cha pekee, aangalie mambo yafuatayo kabla ya kuketi: kama wali umefunikwa muda wote, kama maji ya kusuuzia yanabadilishwa mbele ya macho yako, na kama makuli wanakula hapo, kwani wao hawasamehe. Afike saa sita na robo. Wakati huo samaki bado ni laini, mabeseni bado ni masafi na mtu anaweza kuchagua benchi la ndani. Rosti aiache. Noti ya 10,000 baada ya saa sita na nusu humsumbua dada na kuwachelewesha waliomo kwenye foleni, hivyo ni vyema kuwa na chenji au kulipa kwa simu. Ijumaa hupikwa pilau badala ya wali wa nazi, nalo huisha kabla ya saa saba na nusu, mara tu watu wanapotoka msikitini. Jumapili kibanda hakifunguliwi, na mwezi wa Ramadhani kazi ya mchana husimama. Majiko huwashwa alasiri kwa ajili ya futari, yaani uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi na kaimati. Wa kubeba chakula aje na chombo chake, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na kopo la foili linaongeza shilingi 500 kwenye bei.